Kiingereza cha Kidato cha Kwanza: fedha zinatoka wapi?

Mtoto wa Nyamigogo anaweza kuzungumza Kishubi nyumbani, akasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha akifika Kidato cha Kwanza anakuta Biolojia, Jiografia na Hisabati vyote kwa Kiingereza. Kwake hiyo ni lugha ya tatu. Ili avuke, shule nyingi humpa kozi ya awali ya wiki chache. Kozi inahitaji vitabu, kamusi na karatasi. Nani analipa?

Wa kwanza ni Hazina. Chini ya mpango wa elimu bila ada ulioanza Januari 2016, ruzuku ya sekondari iliwekwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na shule ya kutwa hulipwa fidia ya ada ya shilingi 20,000. Tupige hesabu ya ruzuku peke yake: wanafunzi 400 mara 25,000 ni milioni 10. Zinasikika nyingi, msikilizaji, lakini ukigawa kwa miezi 12 ni kama 833,000, na humo kuna mitihani, chaki na ukarabati. Tena, mpango ulipoanza, sehemu ya ruzuku ilibaki ngazi za juu kununulia vitabu. Kamusi husubiri.

Upo pia mradi wa SEQUIP, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa 2020. Umejenga sekondari nyingi za kata. Ni mkopo, si zawadi, tutaulipa.

Karibu zaidi kuna halmashauri. Sheria ya madini inazitaka kampuni zikubaliane nayo kila mwaka kuhusu mpango wa kuhudumia jamii, na huku kwetu kuna nikeli ya Kabanga, Ngara, na dhahabu ya Biharamulo. Kuna na Mfuko wa Jimbo, wa sheria ya 2009. Shida ni kwamba fedha za namna hii hupenda majengo. Hakuna anayekata utepe mbele ya kamusi 40.

Mzazi naye anaweza kuchangia kwa hiari, ila mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango.

Mkitaka kozi hiyo iwe na fungu lake, anzeni kwenye bodi ya shule, kisha kamati ya maendeleo ya kata. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ombi la mwezi wa sita limechelewa.