Je, Wajua? Ndege Iliyofika Kabla ya Dakika Moja Kwisha

Sekunde 53 tu angani
Katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, ndege ya abiria huruka kutoka Westray hadi Papa Westray: kilomita 2.7 tu! Ratiba huipa dakika mbili, na upepo ulipokuwa mzuri iliwahi kufika kwa sekunde 53. Njia ya kurukia ya Heathrow, London, ina kilomita 3.9, hivyo safari nzima ingeenea humo na nafasi ikabaki. Kwa wakazi wa Papa Westray, ambao hata 100 hawafiki, huduma hii iliyoanza mwaka 1967 huwaletea walimu na madaktari.

Unatua saa ileile uliyoondoka
Ondoka Turku, Ufini, saa 3:00 asubuhi. Ukitua Stockholm, Uswidi, saa ya ukutani bado itasoma karibu saa 3:00. Safari ya kilomita 260 huchukua kama saa moja, na Uswidi iko nyuma ya Ufini kwa saa moja hiyohiyo. Ukirudi, ratiba itaonyesha kana kwamba njia imerefuka maradufu!

Bahari ikikata barabara
Kutoka Stavanger hadi Bergen, Norwei, ni kilomita 160 kwa mstari ulionyooka, na ndege huzimaliza kwa dakika zisizofika 45. Kwa gari, jiandae kwa saa nne hadi tano. Bahari imepenya katikati ya milima, na njiani utavuka maji kwa kivuko mara mbili. Ndiyo maana ramani ya barabara na ya anga huko ni kama za nchi mbili tofauti.

Nchi hadi nchi kwa dakika 8
Mwaka 2016 ilianzishwa safari ya kuvuka Ziwa Konstanz, kutoka Altenrhein, Uswisi, hadi Friedrichshafen, Ujerumani: kilomita 20 hivi, angani dakika 8. Ndege yenyewe ilikuwa jeti, ikipitia hapo kuchukua abiria kabla ya kuendelea Cologne. Haikumaliza mwaka, lakini ilionyesha jinsi mipaka ya Ulaya ilivyobanana: hujafungua gazeti, umeshabadilisha nchi.

Ratiba inayopangwa na mwezi
Kisiwa cha Barra, Uskoti, hupokea ndege za ratiba kutoka Glasgow juu ya mchanga wa ufuo. Njia zake tatu za kurukia huzama maji yakijaa na kuibuka yakipwa, hivyo safari ya saa moja na kidogo hutegemea bahari iko wapi. Saa za kuondoka hubadilika siku hadi siku: mwezi huvuta maji, maji hupanga ratiba, na marubani hutii!