Kiwanda Kikimkataa Samaki Mdogo

Mimi ni mtu wa Pwani, lakini mbuta wa Homa Bay na Migori ana funzo kwetu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu kwamba wengine walivuliwa kwa sumu. Viwanda vya minofu vilikosa soko, na mvuvi wa Mbita au Muhuru Bay akaumia pia. Ndipo ikaonekana: makosa ya dikoni hufika kiwandani.

Kanuni za ziwa zataka mbuta asiyepungua sentimita 50. Chini ya hapo wengi hawajazaa. Kiwanda kikimkataa mdogo, mchuuzi hamchukui, na mvuvi hubadilisha wavu. Lakini akipata mnunuzi kwengine, kazi bure. Mnunuzi huyo asiwe mimi wala wewe.