Kazi za Bustani Mvua Ikipungua

Mama aliye jikoni na asogee karibu na redio, na baba pia, kwa maana mazungumzo ya leo ni ya bustani ile iliyo nyuma ya nyumba.

Sasa mwezi wa Mei unakwisha na mvua za masika zinapungua. Huko Ulaya miezi hii ni ya mwanzo: baridi kali imekwisha, na watu ndiyo kwanza wanatoa miche nje kuipanda. Mkulima wa Kisii au Nyamira akifuata kitabu cha bustani kilichoandikwa Uingereza atakuwa amechelewa sana, kwa sababu sisi hatungoji theluji iyeyuke. Saa yetu ni mvua. Tulipanda Februari na Machi, tukapalilia Aprili, na sasa kila kitu kimesongamana. Basi kazi ya siku hizi ni kupunguza. Naona ni kazi ngumu kuliko kupanda, maana mtu huona uchungu kung'oa kitu alichokipanda kwa mkono wake.

Tuanze na mboga. Ukishuka soko la Daraja Mbili mjini Kisii utawakuta akina mama wamepanga mafungu ya chinsaga, managu, emboga na yale majani ya malenge, risosa. Ndugu zetu wa pwani huita chinsaga mgagani, na managu huita mnavu. Mama akijifungua, tangu zamani Abagusii humpikia chinsaga ili apate nguvu, na wengi huitia maziwa ili uchungu wake upungue. Mbegu zake ni ndogo mno, tunazimwaga kwa mkono, nazo huota zimebanana kama nywele. Ukiziacha hivyo, kila mmea hurefuka kutafuta jua, hutoa maua mapema, na majani hubaki madogo na makali. Ng'oa, mama, usihurumie. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mmea na mmea. Hiyo uliyong'oa si takataka. Ndiyo mboga ya jioni.

Iliyobaki usiing'oe tena. Chuma ncha zake kwa vidole kila juma, na kila ua linalochomoza likate. Mmea ulionyimwa maua huendelea kutoa majani. Managu nayo, ikifikisha majuma manne au matano, ikate kichwa ukiacha kama sentimita 15 za shina, nayo itachipua matawi pembeni ambayo utachuma kwa muda mrefu.

Lakini bakiza mimea mitano au sita iliyo bora kuliko yote, uifunge uzi ili watoto wasiichume. Hiyo ni ya mbegu. Watu wengi hula ile mizuri na kuachia mbegu ile iliyodumaa, kisha baada ya miaka michache wanalalamika kwamba mboga za siku hizi si kama za zamani. Tena jambo moja ambalo si wote wanalijua: mbegu ya chinsaga iliyovunwa karibuni hukataa kuota. Ikae pakavu miezi mitatu hadi sita ndipo huamka. Mara ngapi jirani amelaumiwa kwa kutoa mbegu mbovu, kumbe mbegu ilikuwa imelala tu!

Katika mahindi sina maneno mengi. Jembe la palizi lisizame, maana mizizi iko juu juu. Kishona nguo ing'olewe kabla haijashika mbegu. Sangari ikusanywe na mizizi yake yote na kukaushwa juani. Ukiitia bichi katika shimo la mbolea utaipanda upya. Na wale viwavi walioingia Kenya mwaka 2017 wanaojificha ndani ya mhindi, chungulia asubuhi na uwaponde kwa vidole. Pale matuta yalipobomolewa na maji, yarudishie sasa udongo ungali laini, hasa kwa sisi wa miteremko.

Sasa migomba. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mashamba yetu yamegawanywa kati ya wana mpaka mengine hayafiki hata robo ya eka, na katika nyumba nyingi mkungu wa ndizi ndio chumvi, sabuni na karo ya shule. Mtu mwenye shamba dogo hudhani kwamba machipukizi mengi ni utajiri. Huacha manane, hata kumi, katika kisiki kimoja, kisha anashangaa ndizi zinatoka kama vidole vya mtoto. Acha matatu tu: mama mwenye mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu. Mengine yakate na kuchimbua kile kitovu cha katikati, la sivyo yatarudi.

Mtu atauliza, je, mgomba uliochoka niung'oe? Mnakumbuka mtunza shamba katika Injili ya Luka aliyeuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, ili aulimie na kuutia samadi. Huo ni ushauri mwema kwa mgomba mvivu. Mpe samadi, mfunike shina kwa majani makavu, umngojee. Lakini mtini ule haukuwa na ugonjwa. Mgomba wenye mnyauko usiuombee hata juma moja.

Mnyauko huo uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaonekana Kenya, upande wa magharibi. Majani hunyauka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na rangi ya kutu. Ukikata shina, usaha wa manjano hutoka. Unaenezwa na wadudu wanaotembelea ile zambarau inayoning'inia chini ya mkungu, na unaenezwa na panga. Kwa hiyo chana ya mwisho ikishatokea, ivunje zambarau hiyo kwa kijiti chenye panda, usitumie panga. Shina lililougua likate chini kabisa usawa wa ardhi, ulirundike papo hapo. Usilishe ng'ombe wala usilitupe mtoni. Kisha shika panga juu ya moto mpaka chuma kisigusike.

Ndugu zangu, hapo ndipo jambo hili linapogusa ujirani. Kwetu kumnyima mtu panga ni kumtukana. Jirani akija kuazima, mpe, lakini lipite motoni likienda na lipite tena motoni likirudi, naye aone ukifanya hivyo, ajue si dharau. Na kama ni migomba yako iliyougua, mwambie wewe kabla hajauona mwenyewe. Najua wako wanaoficha, wakiogopa kwamba ndizi zao zitakosa mnunuzi sokoni. Wadudu hawaheshimu ua wa mtu. Anayeficha Jumatatu, shamba la jirani litamsema kabla msimu haujaisha.

Liko na hili la zawadi. Vijana wakioana, akina mama wa kanisa huwapelekea machipukizi ya migomba waanzie nyumba, na ni desturi nzuri. Lakini chipukizi laweza kuonekana zima kabisa huku limebeba ugonjwa ndani yake. Ikiwa kisiki kimoja tu katika shamba lako kimeugua, mwaka huu usimpe mtu chipukizi. Mpelekee bibi arusi kifurushi cha mbegu za chinsaga zilizokaa kavu, ama kuku. Na anayetaka migomba aulize kwa afisa wa kilimo, au kituo cha utafiti cha KALRO kilicho hapo Kisii, mahali pa kupata miche safi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuvuna maharagwe na kuyakausha yasiingie bungua. Kwaherini.