Ukiuguza, Usile Mtaji Wiki ya Kwanza

Leo siongelei picha wala matangazo. Naongelea siku ugonjwa unapoingia ndani ya nyumba, na duka lenu liko kwenye simu.

Mimi na mke wangu tunauza viungo mtandaoni hapa Morogoro. Mdalasini, iliki na pilipili manga tunachukua kwa wakulima wa Uluguru, upande wa Matombo na Kinole. Tunafungasha nyumbani, mizigo inatoka na mabasi ya Msamvu. Yeye ndiye anayejibu wateja. Mwaka jana jicho lake moja likaanza kuona ukungu, kisha likapona lenyewe. Baadaye mguu ukafa ganzi. Majirani wakasema karogwa, mimi nikasema kachoka. Wote tulikosea. Tulipofika Dar, baada ya kipimo cha MRI na vingine, daktari wa mishipa ya fahamu akatuambia ni maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS.

Alitueleza hivi: kinga ya mwili inageuka na kushambulia ganda linalofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa chaja uliochubuka. Hauambukizi. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Unaweza kuja, ukatulia miezi, ukarudi. Dawa ya kuumaliza haipo. Zipo za kupunguza mashambulizi, na hizo hutumiwa kwa muda mrefu.

Hapo kwenye muda mrefu ndipo nilipochemka. Mtaji wetu ulikuwa 800,000. Vipimo, nauli na kulala Dar vikala 600,000 ndani ya wiki mbili. Nikajiona mume wa maana. Wiki ya tatu ikaja oda ya kilo 20 za mdalasini, sina hela ya kuchukua mzigo. Mke wangu akaniuliza, "Sasa mwezi ujao utanitibu na nini?" Sikuwa na jibu.

Haya ndiyo tunayofanya sasa:

1. Tenganisha hela. Laini moja ya biashara, nyingine ya matibabu. Oda ikilipwa, toa kwanza hela ya kurudisha mzigo. Faida ndiyo igawanywe. Sisi nusu inaenda matibabu, nusu tunakula. Michango ya ndugu inaingia laini ya matibabu, na tunaandika kwenye daftari nani katoa, kiasi gani, imelipia nini.

2. Uliza bei kabla. Dawa inaitwaje? Kwa mwaka ni mara ngapi? Kuna nyingine ya bei nafuu? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mojawapo ni rituximab, ambayo ilishatumika miaka mingi kwa saratani. Inawezekana isimfae mgonjwa wako, hilo ni la daktari, ila kuuliza ni bure. Una bima? Itaje dawa kwa jina, uulize kama inalipiwa. Huna? Muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla deni halijawa kubwa. Mimi mlango ule niliupita mara tatu kwa aibu. Aibu hailipi bili.

3. Mpangie kazi upya, usimstaafishe. Joto humzidishia dalili, na mchana wa Morogoro mjini mnaujua. Kwa hiyo anajibu wateja asubuhi na jioni, mchana simu inajibu yenyewe kwa ujumbe tulioupanga. Kubeba mizigo hadi Msamvu ni kazi yangu. Uchovu wake hauonekani kwa macho, lakini sio uvivu. Nilitaka kumtoa kwenye simu kabisa, akalia. Akasema, "Umeshaniona marehemu?"

4. Mteja mwambie habari za mzigo. Habari za ugonjwa ni za mgonjwa mwenyewe. Kabla ya kuposti picha ya mwenzako yuko kitandani, muulize. Wangu alikataa. Tuliandika tu kwamba oda zinatoka Jumanne na Ijumaa. Wateja wawili waliondoka, wengine wakazoea.

5. Wakimbie wauza miujiza. Niliweka status mara moja tu kwamba nauguza. Kabla ya jioni watu wanne wananiuzia dawa ya kumaliza MS kwa siku 21. Wewe ni muuzaji, lugha ya tangazo unaijua. Na mgonjwa akijisikia nafuu, asiache dawa ya hospitali bila daktari kusema.

Leo mtaji umerudi hadi 450,000. Deni bado lipo. Kliniki ni mwezi ujao, na nauli ya treni tumeshaiweka pembeni bila kugusa hela ya mzigo. Kwetu huo ni ushindi.

Kama unauza na mwenza wako, kaeni leo usiku. Muandike nenosiri za kurasa, namba za wanaowauzia mzigo, nani mnamdai na nani anawadai. Mmoja akianguka, mwingine asianzie sifuri.

Kuna mwenzako anauguza? Mtumie hii.