Jani Likifika Maabara

Mwarobaini umeota nyuani kwa watu kuanzia Mombasa hadi Mtwara, unga wa mlonge unauzwa madukani, na mwenye homa hakosi jirani wa kumwambia achemshe majani. Wapo wanaopata nafuu. Lakini katika maji yale kuna nini hasa, na kwa kiasi gani?

Kulijibu swali hilo ni kazi ya maabara. Majani huanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu baadhi ya kemikali, kisha husagwa na kulowekwa katika maji, spiriti, metanoli au etha. Kila kimiminika huvuta vilivyo vyake: maji hutoa sukari na tanini, etha hutoa vitu vya asili ya mafuta. Dondoo likishachujwa huanza kupimwa. Likitikiswa na maji, povu likakaa bila kuisha, dalili ni ya saponini. Likitiwa kloridi ya chuma na kugeuka buluu iliyokoza hadi weusi, lina tanini au jamaa zake. Alkaloidi, kundi lenye kwinini na mofini, huonekana kwa mashapo ya rangi ya chungwa.

Wauzaji wengi huishia hapo, wakatangaza kwamba dawa yao “imethibitishwa” kuwa na flavonoidi. Flavonoidi zimo hata katika kitunguu na majani ya chai. Rangi ikibadilika, tumejua ukoo wa kemikali tu. Ili kujua ni kemikali ipi na ni kiasi gani, hutumika kromatografia, inayozitenganisha kemikali kwa tofauti ya mwendo wao, na spektrometa inayopima uzito wa molekuli. Baada ya hapo ndipo huja majaribio ya usalama na ya tiba, hadi kwa wagonjwa wenyewe.

Njia hiyo yote aliipita Tu Youyou wa China. Mwaka 1969 alikabidhiwa kazi ya kutafuta dawa ya malaria katika tiba za jadi. Jani la Artemisia annua lilimpa majibu ya kuyumba: leo lafaa, kesho halifai. Aliporejea kitabu cha tabibu Ge Hong, chenye zaidi ya miaka 1,600, aliona kwamba jani lilitakiwa kulowekwa na kukamuliwa. Kuchemsha hakukutajwa. Akashuku kuwa moto ndio ulioua dawa, akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Mwaka 1971 dondoo lake lilimaliza vimelea katika panya na nyani. Mwaka uliofuata kiini cha dawa hiyo, artemisinini, kikapatikana kikiwa safi. Dawa mseto ya malaria tunayomeza leo imetokana nayo, na mwaka 2015 Tu alipewa Tuzo ya Nobel.

Mzee wa kale alijua jani na namna ya kulitumia. Maabara ikaonyesha kiini na kipimo. Kimoja bila kingine kisingetosha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya Artemisia kwa malaria: artemisinini haiyeyuki vizuri majini, kiasi chake hutofautiana kwa mbegu, msimu na ukaushaji, na dozi pungufu huwapa vimelea nafasi ya kujenga usugu.

Tanzania haianzii sifuri. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2002. Taasisi kama hizo zipewe vifaa na fedha, na waganga wanaotoa maarifa yao wapate haki yao katika kila dawa itakayozaliwa. Nawe msomaji, unapouziwa dawa ya majani, uliza imepimwa nini, wapi, na dozi yake ni ipi. Kama unatumia dawa za hospitali, mweleze daktari kila jani unalokunywa. Na homa ya malaria ipimwe, itibiwe kwa dawa mseto.