Mwamba Ulio Mbele ya Nyumba Zetu

Wapiga mbizi wa kujitolea wanahesabu samaki na matumbawe ya bahari. Wanayoyaona huko chini yanayahusu majiko yetu kuliko tunavyodhani.

Hakuna nyumba ya pwani isiyowajua samaki wa mwamba. Changu tunamkaanga, tafi tunampaka, pweza tunamtia tui la nazi. Tunawajua kwa ladha yao, kwa miiba yao na kwa bei yao. Lakini ni wachache mno miongoni mwetu waliowahi kuwaona wakiwa hai mahali wanapoishi, na kina mama katika hao wachache ni wachache zaidi. Bibi zetu walishuka ufuoni maji ya bamvua yalipokupwa, wakachokoa pweza mashimoni kwa kijiti, wakarudi kabla maji hayajajaa. Walipoishia wao ndipo mwamba wenyewe unapoanza.

Mwamba huo si mbali. Kutoka Malindi hadi Shimoni, kiasi cha kilomita 200, matumbawe yametanda sambamba na nchi kavu. Ile mistari ya povu jeupe tunayoiona kutoka barazani ndipo mawimbi yanapovunjikia. Laiti kizuizi hicho kisingekuwapo, mawimbi ya kusi yangefika na nguvu zake zote hadi kwenye minazi yetu.

Nyumba zetu pia ni watoto wa mwamba huo. Kuta za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake imepatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo. Mafundi wa zamani walilitoa tumbawe baharini lingali laini, wakalichonga vidaka vya ukumbini na mihirabu ya misikiti, kisha likakauka na kuwa gumu. Tumelala, tumesali na tumekula kwa mwamba kwa karne nyingi. Ni haki basi tujue hali yake leo.

Tumbawe ni nini hasa?

Wengi wetu tumezoea kuliita tumbawe jiwe. Kwa kweli ni makao ya maelfu ya wanyama wadogo, wengi wao si wakubwa kuliko punje ya mchele, wanaojijengea vikombe vya chokaa na kuishi humo kwa jamaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wake. Mimea hiyo ndiyo pia inayolipa tumbawe rangi yake.

Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika. Mimea hutoka, tumbawe hubaki jeupe kama mfupa, na joto lisipopungua upesi, hufa kwa njaa. Hilo ndilo lililotokea mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokwisha na bahari ikapashwa moto kuliko ilivyozoeleka. Katika sehemu nyingi za pwani yetu zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa katika miezi michache. Mwaka uliofuata, 1999, watafiti wa nchi za Bahari ya Hindi walianzisha CORDIO, shirika la kufuatilia miamba baada ya msiba huo, na tawi lake la Afrika Mashariki lina makao yake Mombasa. Mwaka 2016 weupe ulirudi. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba miamba ya dunia ilikuwa katika tukio la nne la namna hiyo.

Wanaohesabu

Wanasayansi wa bahari ni wachache na mwamba ni mrefu. Kwa ajili hiyo, tangu miaka ya 1990, kazi ya kuutazama imegawiwa pia watu wa kawaida wanaojua kuogelea na walio tayari kufunzwa: walimu, wavuvi, wanafunzi, wafanyakazi wa hoteli, wastaafu. Mpango unaojulikana zaidi duniani, Reef Check, ulifanya hesabu yake ya kwanza mwaka 1997. Katika msimu mmoja, watu wa kujitolea wakisaidiana na wataalamu walipima zaidi ya miamba 300 katika nchi 31. Waliyoyaandika yalishtua: samaki wa thamani, kama chewa wakubwa, walikuwa wamepungua au kutoweka hata katika miamba iliyo mbali na miji.

Namna ya kufanya kazi hiyo ni rahisi kuieleza. Wapiga mbizi hushuka wawili wawili, kwa kuwa sheria ya kwanza ya mchezo huu ni kutomwacha mwenzako. Hutandaza utepe wa mita 100 juu ya mwamba, kisha husubiri kimya mpaka samaki wasahau kwamba pana wageni. Halafu huogelea taratibu wakihesabu samaki waliomo katika upana wa mita 5. Hawahesabu kila kiumbe. Huhesabu wale tu ambao kuwapo au kukosekana kwao kunatoa habari: chewa aliyepita sentimita 30, pono aliyepita sentimita 20, kambamti, jongoo wa bahari, chaza wakubwa. Mwishoni hurudi juu ya utepe huo na kila nusu mita huandika kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga au jiwe tupu. Wanaandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki, na hawagusi kitu.

Hesabu ya siku moja haina uzito mkubwa. Uzito wake huja mwaka wa pili, wa tano na wa kumi, pale utepe ule ule unapotandazwa mahali pale pale. Hapo ndipo kijiji kinapoweza kusema bila kubishana: hapa palikuwa na pono, leo hawapo.

Picha nazo zina kazi yake. Wazee wetu walimwita yule papa mkubwa mpole papa shilingi, kwa madoa meupe yaliyojaa mgongoni mwake kama sarafu. Sasa imejulikana kwamba mpangilio wa madoa hayo haufanani kwa papa wawili, kama zisivyofanana alama za vidole vyetu. Mpiga mbizi akimpiga picha ubavuni na kuituma kwa watafiti, papa yule yule anaweza kutambuliwa miaka ya baadaye, hata akiwa katika maji ya nchi nyingine.

Na wala kuhesabu hakukuletwa na wageni peke yao. Huko Diani, wavuvi wenyewe walianza miaka ya 1990 kushirikiana na watafiti kufuatilia samaki wanaovuliwa na hali ya miamba yao. Huko Watamu kuna mpango ambao mvuvi akimnasa kasa bila kukusudia hutoa habari, kasa akapimwa, akaandikwa na kurudishwa baharini.

Kisa cha kikande

Huenda msomaji akauliza: kuna faida gani kuhesabu samaki? Jibu limo katika kisa cha kikande.

Kikande ni samaki mwenye ngozi ngumu na meno yenye nguvu, na sokoni hapewi heshima ya changu. Chakula anachokipenda ni yule kiumbe mviringo mwenye miiba mirefu myeusi ambaye kila aliyekwenda ufuoni bila viatu anamjua kwa uchungu. Utafiti uliofanywa katika miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980 ulionyesha jambo la ajabu. Ndani ya mbuga za bahari, uvuvi usiporuhusiwa, vikande walikuwa wengi na viumbe wa miiba wachache. Nje ya mbuga, vikande walipovuliwa wakaisha, wenye miiba waliongezeka mno. Nao hula kwa kukwangua, na wakizidi huumega mwamba wenyewe kuliko unavyoweza kujijenga. Matumbawe yakipungua, changu na tafi hukosa pa kujificha na pa kukuzia watoto wao.

Hivyo kikande mmoja anayetolewa nyavuni kwa shilingi chache ana deni linalolipwa na jiko zima la kijiji. Pono naye ni hivyo hivyo. Yeye hukwangua mwani juu ya miamba na kuacha nafasi safi ambapo tumbawe changa laweza kushika, na mawe anayoyasaga kwa meno yake hutoka tumboni yakiwa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga tunaochezea watoto wetu sikukuu imepitia tumboni mwa pono.

Waliojaribu

Kuna vijiji ambavyo havikungoja. Huko Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wanakijiji walioona samaki wao wanakwisha waliunda chama mwaka 2003, na muda mfupi baadaye wakafunga sehemu ya bahari yao wasivue ndani yake. Walikuwa wa kwanza nchini kufanya hivyo kwa uamuzi wa kijiji. Maeneo kama hayo tunayaita tengefu, neno letu wenyewe, kwa kuwa yametengwa. Samaki walirejea humo, wakakua, na kwa kuwa samaki hajui mpaka, walitoka hadi kwenye nyavu zilizo nje. Mwaka 2017 chama hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Huko Wasini nako, kisiwa ambacho wanawake wake walijulikana zamani kwa daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale, wanakijiji wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, wamekuwa wakipandikiza vipande vya matumbawe na nyasi za bahari mahali palipoharibika.

Tusidhani mambo haya ni mepesi. Kufunga bahari ni kumwambia mvuvi aende mbali zaidi leo kwa ahadi ya kesho, na watoto wake hawali ahadi. Mama karanga anayenunua samaki asubuhi ili awakaange jioni hawezi kungoja miaka mitatu. Kijiji kinachotenga bahari bila kuwauliza watu hawa kitapata tengefu ya karatasini tu. Aidha, vipandikizo haviwezi kuizuia bahari isipate joto. Lakini watafiti wamekuta mara nyingi kwamba mwamba wenye samaki wake una nafasi bora ya kuinuka baada ya kuugua, kama vile mtu aliyelishwa vyema anavyoishinda homa.

Binti zetu na maji

Hapa pana suala linalotuhusu sisi hasa. Wavulana wetu hujifunza kuogelea kwa kuruka gatini. Binti zetu hukua hatua chache kutoka baharini bila kujua kuelea, wengine kwa kukosa wa kuwafundisha, wengine kwa kuhofia stara yao. Ni hasara, na wakati mwingine ni hatari. Mashua hupinduka bila kuuliza aliyemo ni mwanamume au mwanamke.

Kaskazini mwa Unguja, katika kijiji cha Nungwi, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kuwafundisha wasichana kuogelea. Walivaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na waliofuzu wakawa walimu wa wenzao. Kisiwani Chumbe, ambako mwamba umelindwa tangu 1994 na walinzi waliokuwa wavuvi, wanafunzi wa shule za Zanzibar hupelekwa kuuona mwamba kwa miwani ya maji. Mambo haya mawili yanatuonyesha kwamba mlango upo, na kwamba stara haijawahi kuufunga. Linalohitajika ni mwalimu mwanamke, mahali pa faragha, mavazi yanayofaa na wazazi walioridhika.

La kufanya nyumbani

Si kila mtu atapiga mbizi, na si lazima. Anayenunua samaki ana nguvu sawa na anayemvua. Pono, chewa au changu aliye mfupi kuliko kiganja hajapata nafasi ya kuzaa. Tukimkataa sokoni, macho ya nyavu yatapanuka yenyewe. Juya limepigwa marufuku nchini tangu 2001, lakini marufuku haina maana ikiwa samaki wake wanapata wanunuzi kila asubuhi. Makombe makubwa ya kupamba sebule tuyaache baharini. Kombe kubwa la baragumu, kwa mfano, ni mojawapo ya viumbe wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba, yule anayekula matumbawe.

Kina mama walio katika kamati za ufuo, BMU, waombe wapiga mbizi waje kueleza walichokiona, tena kwa majina yetu ya samaki. Mtafiti anaweza kujua jina la kilatini la kila kiumbe, ila anayejua tafi hupatikana mwezi gani, na bei yake ilipandaje tangu mwaka jana, ni mama aliyeketi na beseni lake sokoni. Hesabu hizo mbili hazijakutanishwa vya kutosha.

Basi wiki hii, unapomnunua samaki, muulize mchuuzi mambo mawili tu: amevuliwa wapi, na kwa chombo gani? Asipojua leo, atauliza kesho, kwa kuwa mteja amemuuliza.