Rufaa ya Faini Ikisubiri, Je, Kesi ya Jinai Isimame?

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayedaiwa kuficha mapato. Mamlaka ya kodi inamtoza faini, naye anakata rufaa. Kabla rufaa haijasikilizwa, anapokea hati ya kuitwa mahakamani kujibu mashtaka ya jinai kwa jambo lile lile. Je, kesi hiyo isubiri rufaa?

Swali hili limeamuliwa mara kadhaa nchini India. Mwaka 1984, katika shauri la P. Jayappan, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kuwa shauri la kodi linaloendelea halizuii kufunguliwa kwa kesi ya jinai, kwa kuwa mahakama ya jinai hupima ushahidi yenyewe. Hata hivyo, hakimu anaweza kuahirisha kesi akiona kuwa uamuzi wa kodi unagusa suala lililo mbele yake.

Je, faini ikifutwa? Mwaka 2004, katika shauri la K.C. Builders, baraza la rufaa lilikuwa limeona kuwa hakuna mapato yaliyofichwa. Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mashtaka hayawezi kuendelea. Mwaka 2011, katika shauri la Radheshyam Kejriwal lililohusu fedha za kigeni, ilifafanua zaidi: aliyeonekana hana kosa baada ya hoja zenyewe kupimwa asiendelee kushtakiwa, lakini aliyeponea kasoro ya utaratibu tu anaweza kushtakiwa. Mantiki yake ni kwamba kesi ya jinai hudai ushahidi mzito kuliko faini. Ikiwa hata ule mwepesi umekosekana, mzito utatoka wapi?

Aidha, mwaka 2019 bodi ya kodi ya India iliagiza kuwa mashtaka ya kukwepa kodi kwa makusudi yafunguliwe tu baada ya baraza la rufaa kuthibitisha faini.

Kwa maoni yangu, si kila rufaa isimamishe kesi, maana wajanja wangekata rufaa ili kuvuta muda tu. Lakini pale faini na mashtaka yanaposimama juu ya jambo moja, ni busara hakimu asubiri kutoa hukumu, huku ushahidi ukihifadhiwa. Mtu akifungwa leo na faini ikafutwa kesho, nani atamrudishia miezi aliyokaa gerezani?

Funzo ni hili: rufaa peke yake si kinga. Aliyekata rufaa afike mahakamani siku aliyopangiwa, aombe ahirisho kwa maandishi na kuambatisha nakala ya rufaa yake.